Siku Timazi Aliposema Siwezi

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina la kuzaliwa. Wakubwa kwa wadogo walimwita Timazi. Timazi ni ule uzi wa mwashi wenye kitonge cha chuma mwishoni, unaoning'inizwa kuangalia kama ukuta umesimama wima au umelala. Mafundi wenzake walimbandika jina hilo enzi za ujana wake, kwa sababu ukuta wake haukuhitaji kukaguliwa mara mbili, na kwa sababu mwenyewe alisimama hivyo hivyo: kifua mbele, shingo juu, shati limechomekwa. Hata kazini alifika amevaa nguo za pasi, akabadili huko huko, na jioni akanawa saruji yote kabla ya kurudi nyumbani, ili atakayekutana naye njiani asijue kama anatoka kubeba matofali au kutia sahihi mikataba.

Kisha akaanguka. Walikuwa wakipandisha kuta za ghorofa, ubao wa jukwaa ukavunjika chini ya miguu yake, na mtu aliyepanda kwa ngazi akashuka bila ngazi. Alilazwa hospitalini hadi manesi wakamzoea kama ndugu. Alirudi na roho yake, na kwa hilo mke wake hakuchoka kumshukuru Mungu, lakini pia alirudi na magongo mawili na mgongo usiokubali kuinama. Mguu wa kushoto ulikuwa kama wa kuazima: ukiuambia twende, unabaki. Mikono ilikuwa mizima, kichwa kizima, na mdomo nao mzima, pengine ukiwa umeongezewa zile nguvu zilizotoka mguuni.

Mke wake alikuwa mshonaji wa sare za shule. Yeye alimwita mumewe Fundi, na mumewe akamwita Fundi vile vile, na wageni walipata shida kujua ni nani anayeitwa. Kabla ya ajali alikuwa na kiti chake katika karakana ya ushonaji iliyokuwa karibu na soko, dirishani, penye mwanga. Baada ya ajali alihamishia kazi nyumbani. Alimwambia mumewe kwamba amechoshwa na makelele ya cherehani za watu wengi na umbeya wa wanawake wenzake. Timazi aliamini, kwa sababu kuamini kulikuwa na raha.

Jioni moja binti yao mkubwa, aliyekuwa muuzaji wa duka la dawa, alifika na fomu kutoka ofisi ya halmashauri. Alisikia kwamba kuna ruzuku ya watu wenye ulemavu, akaenda kuuliza mwenyewe, akapewa maelezo yote. Timazi alikuwa amembatiza binti huyu jina la mama yake mzazi, kwa hiyo siku zote alimwita mama, na mara nyingi alimtii kama mama. Siku hiyo hakumtii. Aliitazama fomu kwa mbali, kama mtu anayeonyeshwa nguo ya mwenzake na kuambiwa ajaribu.

"Hiyo ni ya walemavu, mama," alisema. "Mimi nimeumia tu."

Binti alimkumbusha kwa upole kwamba kuumia huko kumeshapita misimu kadhaa ya mvua, na kwamba daktari mwenyewe alisema mguu hautarudi. Timazi akajibu kwamba daktari si Mungu. Akaongeza kwamba katika ukoo wao hakuna aliyewahi kukinga mkono serikalini, na hataanza yeye. Mke wake alikuwa akipindia marinda ya sketi pembeni. Binti aliiweka fomu juu ya kabati, akaaga.

Ingekaa huko mpaka ijae vumbi, kama mwenye karakana asingekuja kusalimia. Alikuja asubuhi, mke akiwa ametoka kununua uzi. Mgeni huyo aliuliza hali, akajibiwa njema, akakaa akizungusha funguo zake kidoleni. Hatimaye akasema lililomleta. Kile kiti cha dirishani alikuwa amekishikilia tangu ajali. Wengine walikaa kwa zamu, lakini hakumpa mtu moja kwa moja, kwa sababu mke wa Timazi alimwomba asikitoe. Sasa shule zinakaribia kufunguliwa, oda zimejaa, hawezi kusubiri tena. Alitaka kusikia kauli ya mwisho kutoka kwa mwenyewe.

"Alikuomba usikitoe?" Timazi aliuliza.

"Kila tukionana ananiomba. Anasema ngoja kidogo, mzee akipata nafuu nitarudi."

Timazi alimshukuru, akamwambia atafikisha ujumbe. Mgeni alipoondoka alibaki amekaa akitazama cherehani ya mkewe, iliyobanwa kati ya kitanda na ukuta, mahali ambapo mshonaji alilazimika kuingia ubavu ubavu. Mkewe aliporudi alimpa salamu za mwenye karakana na akamweleza yote. Mke akacheka kidogo, akasema kiti ni kiti tu, ampe mwingine. Kisha akaingia jikoni kuosha kikombe. Timazi alimwona akikiosha, akikifuta, halafu akikiosha tena.

Kesho yake alimpigia binti simu. Alimwambia aje aishushe ile fomu juu ya kabati, maana yeye hafiki.

Hapo kazi ikaanza. Asiyewahi kuhangaikia karatasi hudhani kazi ngumu ni kubeba zege. Ilitakiwa barua ya daktari, na daktari alikuwa na zamu zinazobadilika kama hali ya hewa. Ilitakiwa barua ya mwenyekiti wa mtaa, naye mwenyekiti alikuwepo lakini muhuri haukuwepo, ulikuwa kwa katibu. Siku ya pili muhuri ukapatikana na mwenyekiti akawa msibani. Binti alikwenda na kurudi akitoka kazini, akiwa bado na koti lake jeupe la duka la dawa, na hakunung'unika. Zilitakiwa na picha ndogo za uso. Mpiga picha alipoambiwa ni za nini, alimshauri Timazi anune kidogo. Timazi alinyoosha tai, akamwambia apige. Picha zilitoka kama za mgombea ubunge.

Jirani yao mmoja, waliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki, alisikia habari hizo na kuja na ushauri ambao hakuna aliyemwomba. Alisema watu wa ofisini huangalia sura kabla ya karatasi. Timazi asinyoe ndevu tangu sasa. Avae shati lile la kupakia chokaa. Akifika mlangoni ayumbe, na ikiwezekana aanguke kidogo, si sana.

"Ukienda umechana nywele," alisema Redio, "watakuambia rudi ukajenge."

Timazi alimjibu kwamba ameshaanguka mara moja na haikumpendeza. Atakwenda na suti yake ile nyeusi, aliyoshonewa na mkewe kwa harusi ya binti, na tai yake, na viatu vilivyong'arishwa. Redio akatikisa kichwa akamgeukia mke, akitafuta mtu mwenye busara.

"Muache," mke alisema. "Huyu atakufa na tai shingoni."

Walicheka wote, na Timazi alicheka kuliko wengine, kwa sababu aliona amesifiwa.

Jumapili binti alikuja kujaza fomu. Walikaa mezani sebuleni, baba upande huu, binti upande ule, na mama kwenye kigoda karibu na mlango akichambua mboga. Binti alieleza kwamba maswali haya haya ndiyo atakayoulizwa na afisa wa ustawi wa jamii, kwa hiyo ni vizuri ayazoee. Jina, umri na kazi vilikwenda haraka. Kwenye kazi Timazi alitaka iandikwe mwashi, si aliyekuwa mwashi, na binti akaandika hivyo. Kisha wakafika kwenye ukurasa wa shughuli za kila siku.

"Unaweza kutembea mwenyewe?"

"Naweza."

"Kwa magongo, baba?"

"Magongo ni yangu. Naweza."

Binti aliandika kitu kwa penseli. Akauliza kama anaweza kuvaa mwenyewe. Timazi akasema anaweza. Kujilaza kitandani na kuamka, anaweza. Kupika, akasema hata kabla ya ajali hakuwa anapika, wasimsingizie mguu. Binti akatabasamu bila kutaka. Akauliza kama anaweza kuoga mwenyewe.

"Naweza," alisema Timazi.

Kisu kilisimama kwenye mboga. Hakikusimama kwa kishindo, lakini wote wawili walisikia kwamba kimesimama.

"Na mimi kila asubuhi huwa nafanya nini humo bafuni?" mke aliuliza. "Nachota upepo?"

Timazi alianza kusema kwamba hakuwa na maana hiyo. Alisema kusaidiwa kidogo si kushindwa. Mkewe alimwacha amalize. Hakuwa mwanamke wa kupandisha sauti, na wala hakuipandisha. Aliweka kisu kando, akafuta mikono kwenye kanga, akasema alilokuwa nalo.

Alisema kwamba anamwinua kitandani kabla jua halijatoka, na kwamba amejifunza kuweka goti lake chini ya paja la mumewe ili mgongo wake mwenyewe usikatike. Anamvalisha suruali, akianza na mguu ule uliolala. Anachemsha maji, anayabeba, anamshika kiunoni kwenye sakafu ya bafu inayoteleza. Hayo yote anayafanya, na hajawahi kulalamika, wala hatalalamika kesho. Lakini leo amekaa hapa, anasikia maisha yake yanasomwa kwenye karatasi, na yeye hayumo.

"Kila ukisema naweza," alisema, "unanifuta mimi, Fundi. Unapiga mstari unanifuta."

Binti aliinamisha uso kwenye fomu. Mkewe alikuwa hajamaliza. Sauti yake ilishuka zaidi.

"Unakumbuka ile siku nilijaribu kurudi karakana? Nilikukuta chini bafuni. Ukaniambia umeteleza sasa hivi tu."

"Nilikuambia hivyo."

"Sabuni ilikuwa imekukaukia mgongoni."

Ni kweli. Siku ile alilala sakafuni muda mrefu, akisikia watu wakipita nyuma ya ukuta wa uani. Angeweza kuita. Sauti alikuwa nayo, na Redio alikuwa jirani tu pale nje, mtu mwenye kila aina ya udhaifu lakini si uvivu wa kusaidia. Hakuita, kwa sababu hakutaka mtu amkute uchi, amelala, yeye Timazi. Alimngoja mkewe, akatayarisha uongo mdogo, akadhani umepokewa. Kumbe mkewe aliona, akanyamaza, akamfuta sabuni kwa kitambaa chenye maji ya moto, na kesho yake akaenda kumwambia mwenye karakana amshikilie kiti. Kisha akarudi na hadithi ya makelele na umbeya.

Timazi alikuwa ameishi akiamini kwamba heshima yake imesimama kwa sababu yeye mwenyewe ameikazia misuli. Sasa aliiona imesimama juu ya goti la mwanamke, kila siku, kabla jua halijatoka. Ajabu ni kwamba hakujisikia mdogo. Alimtazama mkewe pale kigodani, mwembamba, kichwa kimefungwa kitambaa, na sauti ikamuuliza moyoni: huyu ndiye anayekubeba? Akasikia fahari ambayo hakuwa ameitarajia, kama aliyegundua kwamba jirani yake wa siku zote ni bingwa wa mbio.

"Mama," alimwambia binti, "una kifutio?"

Binti alikuwa nacho.

"Rudi mwanzo wa ukurasa. Uliza tena, taratibu."

Binti akauliza tena. Safari hii Timazi alijibu kama mtu anayetoa ushahidi. Kutembea, anatembea ndani ya nyumba kwa magongo. Njiani hafiki mbali kabla maumivu hayajamsimamisha. Kuamka kitandani, hawezi bila kuinuliwa. Kuoga, hawezi. Neno lenyewe lilitoka kwa shida mara ya kwanza, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi, lakini mara ya pili lilikuwa jepesi zaidi. Kila aliposema hawezi, aliongeza nani anayemsaidia na kwa namna gani, na alipokosea mkewe alimsahihisha kutoka mlangoni. Penye jambo analoliweza, alitaka liandikwe pia. Ananyoa ndevu mwenyewe. Anasoma bila miwani. Anakadiria vifaa vya ujenzi kwa mafundi vijana wanaompigia simu. Nafasi kwenye fomu ikaisha, binti akageuza nyuma ya karatasi. Mboga siku hiyo zilichelewa kuiva, na hakuna aliyelalamika.

Siku ya kwenda ofisini mkewe alimvisha suti kama alivyomvisha binti yao siku ya harusi, akimzunguka, akivuta hapa, akilainisha pale. Redio alikuwa barabarani, akamwona akipakiwa kwenye teksi, na kwa mara ya kwanza akakosa neno.

Chumba cha kusubiri kilikuwa na mabenchi ya mbao na feni iliyozunguka kwa kusitasita. Timazi alikaa kati ya mkewe na mama mmoja kijana aliyempakata mtoto mkubwa, ambaye shingo yake haikuwa na nguvu. Ng'ambo alikaa mzee asiyeona, akiwa ameshikwa mkono na mjukuu wake. Wote walikuwa na bahasha. Yule mama kijana alipotaka kumbadilisha mtoto nguo, alimwomba Timazi amshikie bahasha yake, naye akaishika kwa mikono miwili. Mama alipomaliza alimshukuru, akaitazama suti, akaitazama tai.

"Wewe umemsindikiza nani, baba?" aliuliza.

Mkewe aligeuka kidogo. Magongo yalikuwa yameegemezwa nyuma ya benchi, hayaonekani. Ingekuwa rahisi kusema lolote.

"Nimejileta mwenyewe," alisema Timazi. "Mimi pia ni mlemavu. Huyu ndiye aliyenisindikiza."

Alisema kwa sauti yake ya kawaida, ile iliyozoea kusikika hadi juu ya jukwaa, na yule mzee asiyeona akageuza uso upande wake na kumwitikia kwa kichwa, kama watu wawili wa kazi moja wanavyosalimiana. Mke wa Timazi alitazama mbele. Mkono wake ulikuwa juu ya mkono wa mumewe na haukuondoka hapo hadi walipoitwa.

Afisa wa ustawi wa jamii alikuwa dada mwenye miwani na uso wa mtu aliyesikiliza shida za watu tangu asubuhi. Alisoma fomu mbele na nyuma, akauliza hapa na pale, na majibu yakawa yale yale yaliyoandikwa. Alipofika kwenye kuvaa, alisita, akamtazama Timazi kuanzia kolani.

"Umeandika unavalishwa. Lakini naona umependeza sana, mzee wangu."

"Suruali, soksi na viatu nimevalishwa na mke wangu," alijibu Timazi. "Suti kaishona yeye. Tai nimefunga mwenyewe."

Dada yule alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyepumzishwa kidogo, kisha akaandika yote. Alimgeukia mke, akamuuliza kazi yake. Mke akaanza kusema yupo tu nyumbani. Timazi akamkatiza, jambo ambalo si kawaida yake mbele ya watu, akasema ni fundi wa sare za shule, na kwamba ana kiti kinachomngoja karakana, na hicho ndicho kilichowaleta. Afisa aliandika na hilo.

Haikuwa siku moja. Waliambiwa wangoje, wakangoja. Afisa alikuja nyumbani kuhakiki, akaliona bafu, akaiona sakafu, akakiona kitanda na cherehani iliyobanwa ukutani. Baadaye walirudishwa kwa sababu sahihi moja ilikuwa haisomeki. Binti akaenda tena na koti lake jeupe. Hatimaye jibu likaja, na lilikuwa la kukubaliwa. Ruzuku haikuwa ya kutajirisha mtu, lakini ilitosha kumleta mhudumu mstaafu wa wodi, mwanamume mpole mwenye mikono mikubwa, aliyekubali kuja kila asubuhi. Siku ya kwanza Timazi aliona haya kuoshwa na mgeni. Siku zilizofuata wakawa wanabishana kuhusu mpira humo bafuni, na kelele zikasikika hadi nje.

Kiti cha dirishani kilikuwa kimeshachukuliwa. Mwenye karakana hakuweza kungoja na oda zote zile, na hakuna aliyemlaumu. Alimpa mke wa Timazi kiti cha karibu na mlango, penye cherehani ngumu inayotaka kubembelezwa. Mke alisema hiyo si shida, cherehani na waume ni walewale.

Asubuhi aliyorudi kazini alitoka mapema, mkoba begani, tepu ya kupimia shingoni. Timazi alimsindikiza hadi kwenye kibaraza kwa magongo yake, mwendo wao wa polepole, wakizungumza habari za vifungo. Akabaki amesimama hapo akimtazama anavyokata kona kuelekea sokoni, mgongo umenyooka, miguu ina haraka. Redio alikuwa akifagia mbele ya nyumba yake. Alimsabahi, akauliza kulikoni, shemeji anakwenda wapi amependeza hivyo asubuhi yote hii.

"Kazini," alisema Timazi.

Na kwa kuwa Redio alionekana kama hakusikia vizuri, akamwambia tena, kwa sauti ya kutosha mtaa mzima.